Jana Sikuongeza Maji

Baba,

Jana nilikataa kuongeza maji. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ungetaka habari kubwa kwanza, ndipo uulize kama ng'ombe amezaa. Amezaa. Ni dume, kwa hivyo usifurahi sana.

Nakuandikia nikiwa jikoni kwa Mama, Jumapili mchana, wengine wako kanisani. Nilisema kichwa kinaniuma. Kichwa hakiumi. Ni mwili mzima tu umechoka, na huo si ugonjwa ambao Pasta angeukubali. Tangu tulipokuzika, ile wiki mvua ya El Nino ilipokata barabara na jeneza lako likabebwa mabegani kutoka mtoni mpaka nyumbani, sijawahi kukaa chini mchana. Leo nimekaa. Chai shambani inaweza kunisubiri mpaka kesho, ingawa na kesho pia sitakuwepo, kama nitakavyokueleza.

Wazee wenzako walikuja jana. Walikuja wote wa kokwet, majirani wa upande wetu wa kijito na wale wa ng'ambo, wakiongozwa na rafiki yako Arap Tonui. Walileta mrija wako wa kunywea busaa. Kumbe muda huu wote ulikuwa kwake, umefungwa kwa kitambaa na kuwekwa darini, wakingoja msiba upoe ili wamkabidhi Weldon. Mrija wa mzee haukai bure, walisema. Kijana wake mkubwa anaupokea, anakaa mahali baba yake alipokuwa anakaa, na duara la chungu linakamilika tena. Busaa ilipikwa kwa Arap Tonui, Mama asije akaaibika mbele ya kanisa, ikaletwa hapa kwa mkokoteni wa punda. Mimi nikaambiwa niandae maji ya moto, kama kawaida.

Kama kawaida. Nilianza kazi hiyo kabla sijaingia shule, unakumbuka? Chungu katikati, wazee wamekizunguka kwenye viti vyao vifupi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Busaa ya chungu ni nzito, isipoongezwa maji ya moto mirija inaziba, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kusimama nyuma na birika. Mtu huyo nilikuwa mimi. Hukuwa unageuka. Uliinua mkono tu na kusema, "Chelangat, ongeza maji," na mimi nilikuwa nimeshafika. Wazee walikuwa wanakusifu kwamba una binti mwenye masikio. Nilijivuna siku nzima kwa sababu ya hayo masikio, na Weldon akanionea wivu, maana yeye alikuwa anafukuzwa akachunge ndama.

Nilipokuwa mkubwa niliendelea. Hata niliporudi kutoka kwa yule bwana wa Sigor, ambaye wewe hukuuliza hata mara moja kwa nini nimemwacha, jioni ya kwanza uliinua mkono vilevile. Wengine wangeudhika. Mimi nililia nikiwa nachochea moto, kwa sababu nilijua umenipokea.

Sasa nikumbuke na upande wa pili, maana huo ndio hauniachi. Ulikuwa unarudi kutoka kwenye chungu umeshiba. Busaa inashibisha, nani asiyejua. Mama alikuwa amekuwekea ugali na isagek, ile mboga yetu chungu, ameichemsha, amemwaga maji ya uchungu, amechemsha tena, amemwaga tena, kisha akatia maziwa na kuiacha ilainike. Ulifunua sufuria, ukachungulia, ukafunika. "Majani nachuma mchana kutwa, tena niyale usiku?" Tulicheka. Kila siku ulisema hivyo na kila siku tulicheka, hata Mama. Ukanywa mursik yako, yale maziwa ya kibuyuni, ukala ugali mkavu kidogo, na kama kulikuwa na nyama ukala nyama. Mboga ilikuwa ya wanawake na watoto. Ulikuwa na shamba la majani ya chai kutoka mlangoni mpaka kijitoni, na nyuma ya nyumba mboga ya managu ilijiotea yenyewe bila mtu kuipanda, na sikumbuki siku ambayo kitu cha kijani kilipita mdomoni mwako.

Halafu ikaja habari ya baiskeli. Ulianza kulalamika kwamba kiti chake kinakuumiza. Ulikuwa unapeleka majani kwenye banda la kupimia, gunia nyuma, wewe mbele, na barabara ile kila mtu anaijua. Kwa hivyo tuliamini. Ulichinja kondoo, ukakausha ngozi, ukaifunga kwenye kiti na kamba ya katani, na ukapita nayo Kapkatet nzima watu wakikutania kwamba baiskeli yako ina baridi. Kila ulipoona damu ulisema ni kiti. Arap Tonui akakuletea mizizi ya kuchemsha, akasema ni kidonda cha ndani cha waendesha baiskeli, yeye mwenyewe aliwahi kuwa nacho. Sijui kama ni kweli aliwahi. Alikupenda tu na alitaka kuwa na la kusema.

Sisi tusingejua lolote kama si suruali. Siku moja nilishuka mtoni kuchota maji nikakukuta umeinama kwenye jiwe unafua. Wewe. Mzee wa rika lako, mwenye mke na binti nyumbani, anajifulia suruali. Uliniona, ukasema, "Ni mafuta ya cheni." Nilichota maji nikaondoka. Sikuweza kukuuliza, baba haulizwi jambo kama hilo na binti yake. Nilimwambia Mama, Mama akamwambia Weldon, Weldon akamwambia Arap Tonui, na Arap Tonui akaongeza mizizi. Hivyo ndivyo habari ilivyozunguka mpaka ikarudi pale pale. Mshipi wako uliutoboa tundu jipya, kisha lingine, na bado tulikuwa tunazungumza kuhusu kiti.

Ulipokubali kwenda hospitali ulikuwa huwezi kupanda baiskeli yenyewe. Yule daktari kijana alikuuliza, "Mzee, umekaa na hii kitu muda gani?" Ukamjibu, "Ni baiskeli." Alikupima, akakutuma kwenye hospitali kubwa ukakatwe kipande na kuchunguzwa, na tuliporudi kwake na majibu alitutoa nje mimi na Mama, akatukalisha kwenye benchi ya ukutani. Ni kansa ya utumbo mpana, alisema, na imeshafika kwenye ini.

Akauliza unakula nini. Tukamwambia. Akauliza unakunywa kiasi gani. Mama aliangalia chini. Mimi nikasema, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nashika birika. Basi akatueleza, taratibu, kama mtu aliyezoea kuelezea wakulima, na nilimpenda kwa hilo. Ndani ya mboga za kijani kuna kitu kinaitwa foleti. Mwili unakitumia kujitengeneza upya, na utumbo unabadilisha ngozi yake ya ndani kila mara, kwa hivyo unakihitaji sana. Pombe inakizuia kisiingie vizuri, na hata kile kidogo kilichoingia inakiharibu. Kwa hivyo anayekunywa sana, tena hali mboga, yuko kwenye hatari kubwa kuliko anayekunywa na anakula. Akasema pia, na hili nakushikia kwa haki yako, kwamba hawezi kutuapia kuwa ni busaa iliyokuletea. Wako ambao hawajawahi kuonja na wanaugua, na wako wanaokunywa mpaka wanazeeka, wanacheza na vitukuu. "Lakini hawa watoto wako, mama, wasingoje kama yeye," alimwambia Mama. "Mtu akiona damu, aje. Hata kama ni kidogo. Aje tu."

Mama alikuwa na swali moja tu. "Yale maji ya mboga ninayomwaga, hiyo kitu inaenda nayo?" Daktari akasema, ndiyo, nyingine inaenda. Alisema kwa upole, hakujua anachokifanya. Baba, tangu siku hiyo Mama hamwagi. Anachemsha isagek kwa maji kidogo, na yale maji machungu anayamimina kwenye kikombe anayanywa mwenyewe, amekunja uso, amesimama mlangoni akiangalia upande wa kaburi lako. Nimemwambia mpaka nimechoka. Mama, hakuwa anaila. Ungemwaga usingemwaga, alikuwa anafunika sufuria. Ananijibu, "Ningeipika vizuri angekula." Nyumba nzima inatafuta mahali pa kuweka lawama, shangazi zangu wanasema ni jicho la mtu wa Mulot aliyekuuzia ng'ombe, na kila nikikaa nisikilize nahisi nataka kulala chini hapo hapo.

Kuna kitu kimoja kinanichekesha bado. Daktari alikupa vidonge kwa sababu ya damu iliyokupungukia, vingine vyekundu na vingine vidogo vya njano. Mama alipoviona vya njano alivijua mara moja, alipewa vivyo hivyo kliniki alipokuwa na mimba ya Weldon. Hakuweza kunyamaza, akasema. Na wewe ukavirudisha kwenye karatasi. "Waambie mimi sina mimba." Ulikuwa huwezi kukaa wima, ngozi imekauka usoni, na bado ulikuwa na nguvu ya kukataa dawa ya wanawake. Nilikuwa naviponda na kuvitia kwenye mursik. Sasa unajua kwa nini ulikuwa unaniambia kibuyu kimeharibika.

Pasta alisema kwenye mazishi kwamba uliokoka kitandani. Mimi nilikuwepo. Nakumbuka ulimwambia asogee, amekalia blanketi. Lakini Mama alifarijika, basi na iwe.

Siku ya mwisho midomo ilikuwa imepasuka. Ulikuwa unafungua macho na kufunga, hujui nani ameingia nani ametoka. Mchana, jua likiwa juu ya mabati, uliinua mkono kutoka kwenye blanketi, vilevile, bila kugeuka, ukasema, "Chelangat, ongeza maji." Sijui ulikuwa wapi, Baba. Nafikiri ulikuwa kwenye chungu na wenzako. Nilichota kwa kijiko nikakutilia mdomoni. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Yalikuwa yanatoka pembeni, na mimi nilikuwa naongeza tu, mpaka Mama akanishika mkono.

Sasa uelewe ya jana.

Weldon alichukua baiskeli yako. Ni haki yake. Ile ngozi ya kondoo niliitoa mimi wiki ya mazishi, nikaitupa stoo nyuma ya majembe, kwa sababu sikuweza kuiangalia. Majuzi nimerudi kutoka kuchuma, mgongo umeniisha, nikaikuta baiskeli imeegemezwa ukutani. Ngozi imerudi juu ya kiti. Imefungwa kwa kamba mpya. Nilisimama pale na kikapu mgongoni sijui kwa muda gani. Nilimuuliza. Akacheka, akasema, "Mvua imeharibu barabara." Siku iliyofuata mke wake, Naomi, alikuwa anaosha vyombo, hakuniangalia, akasema kana kwamba anazungumza na sufuria, "Siku hizi Weldon anajifulia nguo."

Nilimwambia twende hospitali. Akasema chai imeiva shambani. Nikamkumbusha daktari alivyosema. Akasema wewe ulikuwa mzee na yeye bado kijana, na kwamba nimekuwa mwoga. Yeye hanywi kama ulivyokuwa unakunywa, hilo ni kweli, bado anakunywa kwa kujiiba, huku na huku. Lakini nani hapa alianza kwa kukaa kwenye kiti kila jioni? Mtu anapewa kiti. Jana walikuja kumpa.

Walikaa uani. Chungu katikati, mirija imewekwa. Arap Tonui alifungua kitambaa, akamkabidhi Weldon mrija wako kwa mikono miwili, akamwambia maneno mazuri, kwamba hujaenda kabisa, kwamba uko hapo kati yao. Wazee wawili walifuta macho. Hata mimi. Mrija ule una alama ya meno yako mwishoni, sijui kama ulijua. Weldon alikaa mahali pako. Na nikaona, Baba, alivyokaa. Alikaa upande mmoja, uzito wote kwenye paja la kulia, kama ulivyokuwa unakaa wewe mwaka wako wa mwisho. Walivuta, wakazungumza, wakavuta. Povu likashuka. Busaa ikaanza kuwa nzito.

Arap Tonui akasema, "Chelangat, maji."

Birika lilikuwa mkononi mwangu, limejaa, linachemka. Nilikuwa nimeliandaa. Sikuwa nimepanga chochote, nataka ujue hivyo, usije ukadhani nilikaa nikawawekea wenzako mtego. Miguu ndiyo iliyokataa. Nililiweka birika chini, nikakaa juu ya gogo la kupasulia kuni.

Wakadhani sijasikia. Aliita tena. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni, mkono mdomoni. Naomi aliangalia kando. Kama Naomi angelichukua lile birika jambo lingeisha, lakini hakulichukua, na kwa hilo nitampenda mpaka nife. Na wazee hawawezi kuinuka kujimiminia, unawajua, bora chungu kikauke. Wakakaa na mirija mdomoni, hakuna kinachopanda. Mmoja akakohoa.

Arap Tonui ni mtu mwema. Alinitafutia mlango wa kutokea. Akasema, "Huyu msichana amechoka tu."

Nikasema, "Ndio, mzee. Nimechoka."

Tulikuwa tunaangaliana, mimi na Weldon. Nikamwambia yeye, si wao, mbele ya wote, maana faraghani alikuwa amenikatalia. Nikasema, "Wewe utaniambia niongeze, na mimi nitaongeza, mpaka ile siku ya kijiko. Sitaki." Hiyo tu. Sikutaja damu. Sikutaja suruali. Lakini Arap Tonui aliitazama baiskeli ukutani, akaitazama ile ngozi, akamtazama Weldon alivyokaa, na uso wake ukazeeka hapo hapo. Nadhani ndipo alipoikumbuka mizizi yake. Alinyoosha mkono akauchukua mrija kutoka kwa Weldon, polepole, akaufunga tena kwenye kitambaa. "Tutauweka," alisema. "Akipona mgongo, tutaongea." Mgongo, alisema. Hata yeye alimtafutia mlango.

Walienda mapema, bila nyimbo. Wako ambao hawatanisalimia kwa muda, na mmoja alisema pale njiani, makusudi nisikie, kwamba ndiyo sababu mwanamume wa Sigor alishindwa na mimi. Na aseme. Mama hajanikaripia. Hajanisifu pia. Alichukua birika langu, akatumia maji yale yale kuchemshia mboga.

Jioni Weldon alikuja jikoni. Hakukaa. Mama alimpa sahani, isagek na yale maji yake machungu, akaila yote akiwa amesimama, ameegemea nguzo, hakusema ni majani wala ni mboga ya wanawake. Mama alikuwa anamhesabia matonge kwa macho. Alipomaliza akaweka sahani chini, akaniuliza kwa sauti ndogo, ile ya zamani alipokuwa anaogopa kulala peke yake, "Kesho kutwa hospitali kunafunguliwa mapema?"

Kesho kutwa ndiyo kesho ya leo. Sijui daktari atasema nini. Sina tumaini kubwa wala sina dogo, nimebeba tu, kama gunia. Inaweza kuwa kidonda tu. Inaweza kuwa tumechelewa tena na sahani moja ya mboga haitarudisha kitu, hilo Mama hajui na mimi sitamwambia leo. Inaweza kuwa tumewahi. Naogopa, Baba. Naogopa hata hilo la mwisho, kwa sababu likiwa hivyo nitajiuliza maisha yangu yote kwa nini hatukuwahi nawe.

Lala sasa. Kaburi nimelipalilia, na managu iliyoota pembeni sikuing'oa, nimeiacha ikufunike, ulipe deni. Nakuahidi kesho nitasimama naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe, na akisema ni baiskeli nitasema mimi ukweli. Wewe niliongeza mpaka kijiko cha mwisho, na ungeniita leo ningeongeza. Yeye ataniita mpaka sauti imkauke, na birika litabaki chini.

Ni mimi, binti yako mwenye masikio,
Chelangat